Fomu ya Mtani Wangu

Haaa... pu!

Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Karani anauhemea mhuri uliokauka wino, kisha anaushusha juu ya karatasi. Haaa, kama mtu anayesafisha kioo cha miwani. Pu, kama mtu aliyekalishwa ghafla. Tangu siku ile nimesikia sauti nyingi, hata za watoto wakilia kwa mara ya kwanza mikononi mwangu, lakini hiyo haijapata ya kuifukuza sikioni.

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni ili msije mkaanza kunihurumia kabla ya wakati.

Jina langu silitaji, wala la chuo, wala la kijiji. Mwenzangu nitamwita Tatu, na hilo si jina lake. Nawaandikia nyinyi msionijua kwa sababu wanaonijua nimekwisha kuwaambia, nao wakacheka. Wawili tu hawakucheka, na hao ndio walionimaliza.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Tangu utoto nilitaka kuwa daktari. Si muuguzi, si mganga msaidizi. Daktari, yule anayetembea haraka na watu wanampisha. Nikiwa darasa la tatu nilimfunga mbuzi wa bibi bendeji miguu yote minne. Mbuzi hakuwa mgonjwa. Bibi alitazama, akasema, "Basi huyo hatapotea tena," akaendelea kupepeta karanga.

Shule yangu haikufika mbali, niliishia kidato cha pili. Lakini enzi hizi za Ujamaa mlango uliachwa wazi hata kwa watu kama mimi, kwa njia ndefu kidogo. Nikachukuliwa chuo cha waganga wasaidizi. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunga sanduku langu, nikashuka kwenye lori huku nguo zikinifuata moja moja.

Chuo chetu kilikuwa na matawi mawili. Tawi la kwanza lilikuwa ndani ya kijiji cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Tabora. Huko tulianza sote. Asubuhi shamba la kijiji, mchana masomo, jioni zahanati. Tawi la pili lilikuwa mjini Tabora, jirani na mtaa wa Gongoni. Huko kulikuwa na darubini, vitabu, na mwalimu wa kemia aliyevaa tai siku za Jumatatu.

Tofauti yake ilikuwa hii. Aliyemalizia kijijini alitoka mganga msaidizi, akabaki hapo. Aliyemalizia mjini aliweza kuomba shule ya udaktari. Na kila mwaka nafasi ya kuhama kutoka kijijini kwenda mjini ilikuwa moja tu, kwa sababu kitanda kilichobaki katika bweni la wasichana kilikuwa kimoja. Udaktari wangu ulikuwa unategemea kitanda!

Mwisho wa mwaka wa kwanza matokeo yalibandikwa mlangoni. Wa kwanza Tatu. Wa pili mimi.

Tatu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Kwa hiyo alikuwa mtani wangu. Wasomaji wa mbali nanyi niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa ubaya wangu.

Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Pwani, enzi za misafara, kabla reli haijafika kwetu. Njiani homa ikamwangusha. Mzaramo asiyemjua akampa maji na mahali pa kulala, akamtukana asubuhi na jioni mpaka akapona kwa hasira. Mwenzake babu hakupona. Aliyemzika alikuwa Mzaramo huyohuyo, na pale kaburini alimsimanga marehemu kwa kutembea safari yote ile kuja kulala tu, mpaka wapagazi waliokuwa wakilia wakacheka.

Ndipo utani ulipotoka. Mtani anakutukana, anakuchukulia kitu chako mchana kweupe, nawe hukasiriki. Unakikomboa. Kwa karanga, kwa wimbo, kwa tusi zuri kuliko lake. Ukikasirika umeshindwa.

Mimi na Tatu tulifuata sheria hiyo kama dini. Yeye aliniibia kitana, nikakikomboa kwa bakuli la karanga za kukaanga. Mimi nikamwibia daftari, akalikomboa kwa kupiga deki zamu yangu. Darasa zima lilituzoea. Tukianza, hata mwalimu aliweka chaki chini.

"Nyinyi Wanyamwezi," Tatu alipenda kusema, "mlitembea miezi mitatu kuja kuonja chumvi kwetu. Mngetuma barua tungewaletea."

"Na nyinyi Wazaramo mmekaa chini ya minazi mnangoja nazi iwaangukie. Ikiwaangukia kichwani mnasema mmesoma!"

Ndivyo tulivyopendana.

Fomu ya kuhama aliletewa Jumatatu. Alitakiwa aijaze kwa mkono wake mwenyewe, aisaini, aikabidhi Ijumaa karani atakapokuja na lori kutoka mjini. Jumanne tulikuwa tunapalilia tumbaku ya kijiji, matuta mawili yaliyokaribiana. Akaegemea jembe, akaniuliza bila mzaha:

"Mtani, niende au nibaki?"

"Kwa nini ubaki?"

"Hawa kina mama wamekwisha kunizoea. Mama Shija amesema akijifungua hataki mkono mwingine. Nikienda mjini nitakaa miaka miwili natazama ngozi ya kitunguu kwenye darubini."

"Lakini unataka udaktari?"

Akang'oa gugu kwa mkono. Kisha akasema, "Nautaka mpaka naona aibu."

Maneno hayo niliyasikia vizuri, yote. Nawaambieni kwa sababu baadaye nilijifanya nimesikia nusu ya kwanza peke yake.

"Nenda," nikamwambia. Na nilikuwa na maana hiyo. Jumanne nilikuwa bado mtu mwema.

Jumatano akaijaza fomu, akaiweka chini ya godoro lake. Nikaichukua. Jamani, niaminini! Ilikuwa utani. Kitana kwa daftari, daftari kwa fomu. Nikaitia ndani ya daftari langu la michoro ya mifupa, nikasubiri agutuke.

Alhamisi mchana aligutuka. Akanijia moja kwa moja.

"Mnyamwezi, fomu yangu."

"Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Simama mbele ya darasa useme nazi ni tunda la wavivu."

Akacheka, akanipiga kofi la bega. "Kesho asubuhi. Nitasema na nitacheza. Lakini usije ukaikunja, una mikono ya mpagazi wewe."

Jioni ileile akaja mume wa Mama Shija anahema. Uchungu umeanza, na mtoto ametanguliza mkono. Mwalimu wa ukunga akachukua mkoba, akamtazama Tatu, Tatu akachukua taa. Wakaondoka kwa miguu, kitongoji kiko mbali, ng'ambo ya msitu wa miombo.

Ijumaa asubuhi hawajarudi. Karani akafika mapema kuliko siku zote, kwa sababu lori lilikuwa la kuazima na mvua ilikuwa inakaribia, na kulikuwa na tumbaku ya msimu uliopita ya kupakia. Karani wetu alikuwa Bwana Seif, mtu wa familia ya Waarabu wa mjini, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na mhuri katika kopo la biskuti. Akaketi kwenye meza ya mwalimu, akafungua kopo.

"Fomu ya anayehama."

Mkuu wa tawi akasema Tatu yuko kwa mzazi.

"Mungu ampe wepesi mzazi," akasema Bwana Seif. "Fomu iko wapi?"

Mkuu akamtuma msichana mmoja bwenini. Akarudi mikono mitupu. Wakainua godoro, wakatikisa mto. Darasa likawa linanong'ona. Mimi nilikuwa nimeketi dawati la tatu na daftari la mifupa mapajani. Fomu ilikuwa katikati ya mchoro wa bega na wa kiwiko.

"Basi ajaze nyingine," mkuu akasema.

"Ajaze nani? Saini ni ya mwenyewe." Bwana Seif akatazama nje, dereva alikuwa amekwisha kuliwasha lori. "Mimi sirudi mpaka masika yaishe. Kitanda kisipopata mtu wiki hii kitapewa mkoa mwingine. Wa pili nani?"

Darasa zima likanigeukia.

Wasomaji, pale palikuwa na nafasi. Si ndogo. Bwana Seif alichagua kalamu, ya kwanza ikakataa kuandika, akachukua ya pili. Akaniuliza jina, nikalitaja. Jina la baba, nikalitaja. Akanigeuzia karatasi nisaini. Nikasaini. Mkuu akasaini. Mhuri ukagoma. Bwana Seif akauleta mdomoni.

Haaa.

Ningeweza kusema hata wakati ule! Neno moja tu: "Ninayo." Lakini nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba mwenyewe alisema hajui kama aende. Nilikuwa nimeshaanza kuona kitanda.

Pu.

Nikaambiwa nifungashe, lori linaondoka. Safari hii sanduku nililifunga vizuri.

Tulipotoka kijijini, mahali ambapo njia inaingia msituni, tukakutana nao. Mwalimu wa ukunga mbele, Tatu nyuma, taa mkononi imezimwa, aproni imelowa damu ya watu wengine. Anatabasamu, kwa hiyo nikajua mtoto yuko hai. Akaniona juu ya magunia. Akadhani nimetumwa mjini kupeleka karatasi za chuo.

"Mtani!" akapaza sauti. "Fomu yangu!"

"Ninayo!" nikajibu.

Akapunga mkono. Nikapunga. Hilo neno "ninayo" lilikuwa la kweli tupu. Sijawahi kusema ukweli mbaya kama ule.

Barua yake ilinifikia mjini baada ya wiki mbili. Ilikuwa na mstari mmoja: "Mtani, hapo umenipiga bao. Nimecheka. Tatu."

Niliisoma bwenini kwa sauti, wenzangu wakavunjika mbavu. Mmoja akasema, "Watani wa kweli hao!" Nami nikacheka. Nilikicheka kile kicheko miaka miwili.

Mjini nilisoma sana. Sisemi kwa kujisifu, mtu aliyeiba kitanda hawezi kulala. Darubini ilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi, tulipanga foleni kama ya sukari. Zamu yangu ilipofika nikaona ngozi ya kitunguu, vijumba vidogo vidogo vimepangwa kama kijiji kipya kilichopimwa kwa kamba. Kila mtu alipiga kelele za furaha. Mimi nikamwona Tatu ameegemea jembe lake. Nikampisha mwingine.

Nyuma ya daftari nilikuwa najizoeza kusaini jina langu likianza na "Dk." Nilijaza kurasa nyingi. Daftari lilikuwa lilelile la mifupa.

Nilipomaliza, fomu ya shule ya udaktari ikaja na sharti. Si vyeti peke yake. Mwombaji alete barua ya kijiji alikoishi na kufanya kazi, iliyopitishwa na mkutano wa wanakijiji, kuonyesha kwamba ni mtu anayefaa kuhudumia watu. Wenzangu waliozaliwa mjini walichanganyikiwa. Mimi nilikuwa nacho kijiji kimoja tu.

Nikarudi kwa lori la ushirika. Tatu alikuwa amebaki palepale, sasa ndiye mganga msaidizi wa zahanati. Alikuwa na gauni jeupe na foleni ya akina mama. Watoto wawili pale kijijini walikuwa na jina lake, na mmoja alikuwa wa kiume, lakini baba yake alikataa kusahihishwa.

Mkutano ulikaa ukumbi wa kijiji. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye sauti ya upole, akasimama.

"Ndugu zangu, binti huyu mnamkumbuka. Alilima nasi mwaka mmoja. Anaomba barua aende akasomee udaktari. Nani anamfahamu, amsemee?"

Watu walinikumbuka kidogo tu. Kisha Tatu akasimama.

"Namfahamu mimi, Ndugu Mwenyekiti."

"Sema, mganga."

"Ni mwizi."

Ukumbi ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akapiga fimbo sakafuni: "Haya! Mzaramo ameanza!"

"Aliiba fomu yangu ya kuhamia mjini," Tatu akaendelea, sauti haikupanda wala haikushuka. "Akaificha. Akapewa nafasi yangu. Akapanda lori, akanipungia mkono."

Watu walikuwa wanafuta machozi. Mama mmoja alimpa jirani mtoto amshikie ili acheke vizuri.

"Ongeza, mganga!" mtu akapiga kelele.

"Sina la kuongeza. Ndivyo ilivyokuwa."

Wakazidi.

Mwenyekiti akajipangusa macho kwa kofia. "Mganga, utatuua. Sasa tumpe barua, tusimpe?"

Tatu hakumjibu mwenyekiti. Akanigeukia, akanitazama. Hakuwa anacheka. Katika watu wote mle ndani, wawili tu tulijua hakuna mzaha pale, na mwenzangu alikuwa ananingoja. Miaka miwili alikuwa ameniwekea mlango, na sasa aliufungua mbele ya kijiji kizima. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama na kusema, "Ni kweli."

Nikacheka.

Nilicheka kwa nguvu, nikapiga na mapaja. Nikasema, "Huyu mtani huyu!"

Tatu akaendelea kunitazama kidogo. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mpeni," akasema. "Kitu kilichoibwa kisipotumika ni hasara mara mbili."

Barua ikaandikwa palepale. Haikuwa na kosa hata moja.

Baadaye nikaenda nyumbani kwake, nyuma ya zahanati. Alikuwa anapanguza bakuli.

"Karibu, dada," akasema.

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Hakuna mtu. Dada alikuwa mimi.

"Keti, dada. Nikupe chai? Samahani, sukari imekwisha."

Nikajaribu. Mungu anajua nilijaribu! "Mzaramo gani wewe, huna hata nazi ndani?"

"Ni kweli, dada. Huku hazipatikani."

"Hata matusi yamekwisha?"

"Chai isipoe, dada."

Nilikunywa chai ile isiyo na sukari. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mkoba, akaniombea safari njema. Hajawahi kunitendea vibaya namna ile.

Kabla ya lori nikakimbia kwa mwenyekiti. "Mzee, alilosema Tatu ni kweli. Fomu niliichukua mimi, ninayo mpaka leo." Akanishika bega akicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi watani! Mmoja anatukana, mwingine anakubali! Nenda, binti, nenda ukasome." Nikamwambia dereva. Dereva akacheka. Nilipofika mjini nikawaambia wenzangu wa bwenini, wakataka nirudie na sehemu ya kupunga mkono.

Wa kwanza ambaye hakucheka ni Bwana Seif. Nilimpelekea fomu yenyewe ofisini. Akavaa miwani, akaisoma mpaka chini, polepole.

"Mwandiko mzuri," akasema.

"Naam."

"Ilikuwa wapi siku ile?"

"Mapajani mwangu."

Akavua miwani. Akafungua kopo la biskuti, akautazama mhuri, akalifunika tena. "Huu ni mhuri mwingine, mwanangu," akasema. "Ule ulifutika." Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama inavyorudishwa maiti ya mtu.

Wa pili ni bibi. Nilikwenda kwake upande wa Isikizya, nikamkuta anaanika mihogo.

"Mwangaluka, bibi."

Akaitikia salamu hiyo ya asubuhi ya kwetu. Nikamweleza kuhusu Tatu, nikaanzia mwisho. Kwamba siku hizi ananiita dada, ananibebea mkoba, ananipa heshima.

Bibi akaacha mihogo. "Mtani akianza kukuheshimu amekwisha kukuzika. Ulimchukulia nini?"

"Karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ile ambayo ingempeleka akasome awe daktari."

Bibi hajui kusoma, lakini alielewa kabla sijameza mate. "Mtani huchukua kanga," akasema. "Huchukua kuku, huchukua kiatu, huchukua hata uji ukiwa jikoni. Hachukui jembe. Babu yako alikufa hajawahi kumgusia mtani jembe. Wewe umechukua jembe na shamba lake." Kisha akarudi kwenye mihogo yake, akanigeuzia mgongo, na mimi nilikuwa sijala tangu jana.

Maombi yangu ya udaktari sikuyatuma. Bahasha niliifunga, nikaibandika stempu, nikapita posta mara tatu kwa siku tatu. Mara ya nne tarehe ilikuwa imepita.

Msinisifu! Kutokwenda kwangu hakukumpa Tatu chochote. Yeye hakupata, mimi sikupata, na mahali fulani nchini kuna wodi ambayo madaktari wake wamepungua kwa mmoja. Angeambiwa Tatu, angesema sasa ni hasara mara mbili, kama alivyotabiri. Angeongeza na "dada."

Sasa natibu katika zahanati ndogo upande wa Igunga, kati ya mpunga na ng'ombe. Kazi naipenda, siwezi kuwadanganya. Asubuhi bado naamka na furaha ya kijinga, bado naota. Juzi nilimfunga mtoto bendeji vizuri mpaka mama yake akaniita daktari. Nikamwambia mimi si daktari. Akasema, "Kwetu ndiye wewe." Nikaenda nyuma ya zahanati, nikatazama ukuta kwa muda.

Ndugu zangu, hasa nyinyi vijana mlioko vyuoni, mnaojiuliza mhame au mbaki, tawi gani litawafikisha mnakotaka. Ulizeni, hesabuni, ombeni ushauri, si dhambi. Lakini nafasi ikikujia kwa sababu mwenzako hayupo, simama useme hayupo kwa sababu gani. Sema kabla mhuri haujahemewa. Na ukikosea, usijifiche ndani ya kicheko. Kicheko kina nafasi kubwa, mtu anaweza kuishi humo miaka, na kila mpita njia akakusalimu. Atakayebaki nje ni yule mmoja uliyemkosea.

Wiki iliyopita nilipata ruhusa ya siku mbili. Nikapanda lori, nikashuka pale njia inapoingia msituni, nikatembea mpaka kijijini kwa Tatu. Zahanati ilikuwa na karatasi mlangoni: mganga ameenda vitongojini kuchanja watoto, atarudi jioni. Nyumba yake nyuma ilikuwa kimya. Kibarazani kulikuwa na kandambili zake za buluu, zimepangwa, ncha zinatazama ukuta.

Nilikaa pale nikazitazama. Kuku mmoja alipita. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nikafungua mkoba, nikatoa fomu. Imeanza kugeuka rangi kwenye mikunjo, lakini mwandiko bado ni mzuri. Nikainua kandambili ya kulia, nikaiweka fomu chini yake, nikaikandamiza ili upepo usiichukue.

Ya kushoto nikaitia mkobani, akitaka ataikomboa, nikashika njia.